Alotimenti yako ya kwanza Uingereza: kazi za Mei hadi katikati ya Juni

Kila mwaka ikikaribia Mei, maswali ni yale yale. Nimepewa kipande na halmashauri, nyasi zimefika kiunoni, nianzie wapi? Mahindi yanapandwa lini huku? Mbona miche yangu ya maboga imekufa kwa usiku mmoja? Nimeona niyajibu mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako wewe Mswahili unayeishi Uingereza na ambaye pengine umeshika jembe tangu utotoni. Ujuzi huo utakufaa sana. Lakini Mei ya huku ina mambo mawili ya peke yake: baridi ya usiku inayochelewa kuondoka, na majirani wa kipande wanaoujua udongo wa pale kuliko kitabu chochote. Wengi huumizwa na la kwanza kwa sababu hawakulitumia la pili.

Maneno machache tu kuhusu alotimenti yenyewe. Ni kipande cha ardhi unachokodi kwa malipo ya mwaka, ama kutoka halmashauri ama kutoka chama cha wakulima wa eneo. Kipande kamili ni kama mita za mraba 250, ila siku hizi wengi hupewa nusu. Sheria ya mwaka 1922 ya England na Wales inasema kipande hicho kiwe hasa cha mboga na matunda ya kula mpangaji na familia yake. Kwa hiyo usijiwekee mpango wa kulima mchicha wa kuuza dukani.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mkataba wako, na uwe umeusoma. Humo ndimo utakuta kama mpira wa maji unaruhusiwa, kama unaweza kuchoma takataka, na kama kibanda kinahitaji ruhusa.
- Uma wa kulimia, sepetu, reki, na jembe jembamba la palizi la kusukuma ukiwa umesimama. Jembe letu la nyumbani ni zuri kwa kuinua matuta ukilipata, lakini kwa kung'oa mizizi ya huku uma ndio unaofanya kazi.
- Keni mbili za kumwagilia, za lita 10. Ukiwa na moja utachoka upande mmoja wa mgongo.
- Mianzi ya mita 2.4 na kamba ya katani.
- Wavu wa matundu madogo sana, na kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia miche usiku wa baridi.
- Maboksi makubwa ya karatasi ngumu, au plastiki nyeusi nzito.
- Mbegu: maharage, mahindi matamu, maboga, mchicha, karoti, viazisukari vyekundu (beetroot), sukuma wiki.
- Chupa ya chai na vikombe viwili. Kile cha pili si chako.

Hatua ya 1: Zunguka usalimie kabla hujagusa udongo

Nenda Jumamosi asubuhi, au moja ya zile Jumatatu mbili za mapumziko ya Mei, ya kwanza na ya mwisho ya mwezi, wakati watu wengi wako shambani. Pita kwenye njia, usikatize katikati ya kipande cha mtu hata kama unaona ni majani matupu. Huenda kuna mbegu chini.

Salamu za huku ni fupi, na mazungumzo huanzia kwenye hali ya hewa. Usidhani umepuuzwa mtu akiinua mkono tu na kuendelea kuinama. Usione vibaya pia mzee wa miaka 80 akikutaka umwite kwa jina lake la kwanza. Kwetu ni kukosa adabu. Kwake ndiyo namna ya kukukaribisha. Kubali.

Kisha uliza maswali haya, moja moja, kwa watu tofauti:

Jalidi, yaani ule umande unaoganda, mwaka jana iliondoka lini hapa? Maji husimama wapi mvua ikinyesha sana? Aliyekuwa na kipande changu alipanda nini na wapi? Kuna ugonjwa wa kabichi wa kuvimbisha mizizi? Samadi mnaitoa wapi?

Majibu ya maswali haya matano yatakuokolea msimu mzima. Alotimenti mbili zenye umbali wa maili moja zinaweza kupishana wiki mbili kwa jalidi, kwa kuwa moja iko bondeni ambako hewa baridi hutuama.

Hatua ya 2: Gawa kipande, usilime chote

Kosa kubwa la mgeni ni kutaka kusafisha kipande kizima kwa wikendi mbili. Utaumia mgongo, utakata tamaa, na magugu yatarudi kabla hujapanda. Chukua theluthi moja, ile iliyo karibu na tangi la maji, ulime hiyo. Sehemu iliyobaki fyeka nyasi fupi, ifunike kwa maboksi au plastiki nyeusi, weka mawe juu, uiache. Usitumie zulia kuukuu. Maeneo mengi yamelipiga marufuku kwa sababu ya nyuzi na kemikali zake.

Kwenye theluthi yako chimba kwa uma, si kwa mashine ya kusaga udongo. Utakuta mizizi myeupe mirefu inayokatika kirahisi, minene kama tambi. Hiyo ni ya gugu linalojiviringisha, na kila kipande cha mzizi unachokiacha huota mmea mpya. Mashine itakukatia mzizi mmoja vipande mia. Okota kwa mkono, weka kwenye ndoo, wala usitupe kwenye rundo la mboji.

Hatua ya 3: Inulia viazi udongo

Kama viazi mviringo vimeshapandwa, Mei ndipo vinapochomoza. Mimea ikifika sentimita 20 hivi, vuta udongo kutoka pande zote mbili uifunike mpaka zibaki ncha za majani. Rudia baada ya wiki mbili au tatu. Tuta linazuia mwanga usifikie viazi vikawa vya kijani, ambavyo vina sumu, na linakinga shina dhidi ya baridi.

Kama ndiyo kwanza umepata kipande, bado unaweza kupanda mpaka katikati ya Mei. Chagua aina inayowahi kukomaa, kama Charlotte, kwa sababu viazi vya kuchelewa hukutana na ugonjwa wa bakajani wakati wa joto lenye unyevu, kuanzia Julai na kuendelea.

Hatua ya 4: Zoesha miche kukaa nje

Hapa ndipo miche mingi inapokufa. Mche uliokulia dirishani kwako una majani laini ambayo hayajawahi kupigwa na upepo. Ukiutoa leo ukaupandikiza leo, kesho majani yatakuwa meupe kama karatasi na shina limelala.

Toa miche nje mchana, mahali penye kivuli kidogo, uirudishe ndani jioni. Ongeza saa kila siku. Wiki ya pili iache nje usiku pia, ukiifunika kwa kitambaa chepesi. Jumla ni kama siku kumi hadi wiki mbili. Kama unafanya kazi za zamu na huwezi kuitoa na kuirudisha kila siku, muulize jirani mwenye boksi la kioo pale shambani; watu wengi wana nafasi, na ombi la namna hii ndilo linaloanzisha ujirani.

Hatua ya 5: Panda sasa vile visivyoogopa baridi

Karoti, viazisukari vyekundu, vitunguu vya majani, saladi, njegere na giligilani vinaingia moja kwa moja ardhini Mei yote. Mistari iliyonyooka, mbegu kina cha sentimita moja au mbili (njegere tano), mwagilia mfereji kabla ya kuweka mbegu na si baada.

Karoti zina adui wake, nzi mdogo anayevutwa na harufu ya majani yaliyovunjika. Zingira kitalu kwa wavu wa kimo cha sentimita 60 au kifunike kabisa. Punguza miche jioni, na usiyaache hapo majani uliyong'oa.

Hatua ya 6: Simamisha mianzi ya maharage

Chomeka mianzi ardhini kwa mistari miwili iliyoachana sentimita 60, uifunge juu kwa jozi, na ulaze muanzi mmoja mrefu juu ya zote. Itikise kwa mkono. Ikitikisika sasa haina majani, upepo wa Julai utaiangusha ikiwa imebeba.

Kuanzia katikati ya Mei tia mbegu mbili chini ya kila muanzi, kina cha sentimita 5. Majirani Waingereza watakupa mbegu za aina yenye maua mekundu ambayo wao hula maganda yake machanga yakiwa yamekatwakatwa na kupikwa. Ni nzuri na huzaa kupita kiasi. Lakini kama nia yako ni maharage ya kukausha na kupika na nazi, tafuta borlotti zinazotambaa. Ziache juu ya mianzi mpaka maganda yakauke.

Hatua ya 7: Jalidi ikishaondoka, ingiza mazao ya joto

Kusini mwa England hatari huisha karibu na mwisho wa Mei. Kaskazini na Scotland subiri mpaka wiki ya kwanza au ya pili ya Juni. Wala usisubiri utabiri uandike sifuri. Joto la hewa likitabiriwa nyuzi 4 au chini na anga ni jeupe bila upepo, ardhi inaweza kuganda. Usiku huo funika.

Ukiona majirani wako wazoefu bado wamefungia maboga yao ndani, na wewe fungia. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko simu.

*Mahindi.* Mahindi yetu meupe ya ugali yanahitaji msimu mrefu wa joto. Huku yatakua marefu, yatapendeza, na hayatakauka. Panda mahindi matamu ya kuwahi, mfano Swift. Na usiyapange mstari mmoja mrefu kandokando ya njia. Chavua ya mahindi hubebwa na upepo, na kwenye mimea michache ya mstari mmoja nyingi huangukia nje. Panda kwa mraba, mathalani minne kwa minne, sentimita 40 kila upande. Ukimenya gunzi lenye mapengo ujue kosa ni hilo. Muulize jirani anapanda aina gani: zile zenye sukari nyingi sana zikichavushwa na aina nyingine punje huwa na wanga na utamu hupungua.

*Maboga.* Mche mmoja kila sentimita 90 au zaidi, ndani ya shimo lililojazwa mboji. Acha kishimo kidogo cha kumwagia maji. Kwa wanaolima kwa ajili ya majani, panda kwa ukaribu zaidi na uchume ncha changa. Jirani atashangaa, mwonjeshe.

*Mchicha.* Usiuharakishe. Katika udongo baridi mbegu hukaa tu. Mwanzo wa Juni mwaga mbegu juujuu, fukia kidogo sana. Majirani wenye asili ya Jamaika wanaulima pia na kuuita callaloo. Mara nyingi wao ndio wenye mbegu iliyozoea hali ya huku.

*Nyanya.* Nje ya kitalu nyumba chagua zenye matunda madogo, kama Gardener's Delight, kwa sababu huiva kabla ule ugonjwa wa bakajani haujafika. Funga kwenye mti, uchomoe vichipukizi vinavyoota kwenye kwapa la jani.

Hatua ya 8: Sukuma wiki chini ya wavu, siku ile ile

Usiseme nitaweka wavu kesho. Njiwa pori wa huku wanakula mche mpaka mfupa wa jani asubuhi moja. Baadaye wanakuja vipepeo weupe kutaga mayai. Panda sentimita 45 kila upande, kanyaga udongo vizuri kuzunguka shina, weka wavu juu ya nusu duara za bomba ili usiguse majani. Kipepeo hutaga hata kupitia tundu kama jani limegusa wavu.

Kama uliambiwa kuna ugonjwa wa kuvimbisha mizizi, tia chokaa, na usikubali mche wa kabichi au sukuma wiki uliokuzwa kwenye udongo wa shamba lile, hata ukitolewa kwa upendo. Ugonjwa huu husafiri kwenye udongo, hata ule ulioganda kwenye viatu.

Hatua ya 9: Maji na palizi, kidogo kidogo

Mwisho wa Mei jua huzama baada ya saa tatu usiku. Maana yake hata ukitoka kazini saa kumi na mbili jioni una saa tatu za mwanga. Nusu saa jioni tatu za wiki inatosha kuliko Jumamosi moja ya kujiua.

Mwagilia chini ya shina, maji mengi mara mbili kwa wiki. Kurushia majani maji kila siku kunafundisha mizizi kubaki juu. Sukuma jembe la palizi katikati ya mistari siku kavu, magugu yakiwa madogo kama kucha. Jua linamalizia kazi.

Onyo kwa sisi wapenda mboga za majani

Hili nalisema kwa msisitizo, maana sisi tumezoea kupika majani ya kila kitu: maboga, kunde, viazi vitamu. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya yana sumu. Rubabi, ule mmea wa mashina mekundu ambao lazima jirani atakupa, huliwa shina lake tu likiwa limepikwa na sukari. Jani lake lina sumu. Usichume kitu kinachofanana na mnavu kikiwa kimejiotea kando ya ua, kwa sababu kuna mimea ya jamii hiyo inayoua. Matembele ya viazi vitamu hayana shida, na miche yake unaweza kuipanda mwanzo wa Juni.

Tena, boga au mumunya ukilionja likawa chungu, tema na ung'oe mmea. Hutokea kwenye mbegu zilizohifadhiwa nyumbani zikiwa zimechanganyika chavua. Mbegu za kupeana zipokee zote, ila za maboga muulize mtoaji amezipata wapi.

Ujirani wenyewe

Mei ni mwezi wa miche kuzidi. Kila mtu amesia thelathini akitaka sita. Karibu na geti utakuta meza au kreti yenye vikombe vya miche vilivyoandikwa "chukua". Chukua viwili, si vyote, na wiki ijayo uweke vya kwako. Miche ya mchicha na ya pilipili kali huchukuliwa haraka sana.

Omba ruhusa kabla ya kuchuma hata tunda lililoangukia njiani. Funga geti kwa kufuli hata kama unarudi baada ya dakika tano. Usiteke tangi likakauka wakati mzee wa kipande cha pili anasubiri. Mjazie keni zake na umpelekee. Fyeka upande wako wa njia. Ukiambiwa kuna siku ya kazi ya pamoja, ya kupogoa au kutengeneza uzio, ni kama msaragambo wa kwenu: nenda, hata kwa saa moja. Watu wanaokuona pale ndio watakaokumwagilia ukiwa umesafiri.

Ushauri utaupata bila kuuomba, na mara nyingine watu wawili watakupa unaopingana. Wasikilize wote, sema asante, kisha tazama kipande cha nani kina mboga.

Mambo yakienda kombo

*Majani ya viazi yamekuwa meusi asubuhi.* Ni jalidi. Usiving'oe; vitachipua tena kutoka chini. Maboga na maharage yaliyopigwa namna hiyo hayarudi, sia upya. Maharage yaliyosiwa wiki ya kwanza ya Juni bado huzaa vizuri.

*Miche imekatwa usiku na kuna njia za ute unaong'aa.* Ni konokono, hasa wale wasio na gamba. Toka na tochi baada ya mvua uwaokote. Chembe za fosfati ya chuma zinaruhusiwa. Jirani akikupa kopo kuukuu la chembe zenye metaldehaidi, usizitumie: zimekatazwa nje ya nyumba tangu 2022 kwa sababu ya madhara yake kwa ndege na kalunguyeye.

*Majani mapya ya nyanya au maharage yanajikunja kama kijiko na shina kupinda.* Shuku samadi. Kuna dawa za magugu zinazopuliziwa malishoni ambazo hupita tumboni mwa farasi au ng'ombe zikiwa bado na nguvu. Kabla ya kununua mzigo mwingine, changanya samadi hiyo na udongo kwenye chungu, panda maharage matatu, kwenye chungu cha pili panda matatu bila samadi, ulinganishe baada ya wiki tatu au nne. Waambie na majirani walionunua pamoja nawe.

*Giligilani na spinachi zimetoa maua kabla sijavuna.* Mchana mrefu na ukame ndio sababu. Sia kidogo kila baada ya wiki mbili, penye kivuli cha mchana, na usikose maji.

*Nimepata barua kwamba kipande changu hakijalimwa vya kutosha.* Kamati nyingi hukagua Mei na Juni, magugu yanapokuwa marefu. Barua hiyo siyo kufukuzwa. Mjibu katibu mapema, mweleze umelima kiasi gani na sehemu gani umeifunika, na kama kuna ugonjwa au zamu za usiku zilizokubana, sema. Wengi watakupa muda. Kipande kikikuzidi, omba kupunguziwa hadi nusu kuliko kukaa kimya ukanyang'anywa chote.